Saa ya Kifo Isiyo na Shaka

Kazi yangu ni kuchunguza maiti ili kubaini chanzo cha kifo, na kwa miaka mingi nimekuwa msomaji mwaminifu wa mfululizo mmoja wa riwaya za upelelezi ambao mhusika wake mkuu ni daktari wa kazi hiihii. Kitabu kipya nilikingoja kwa hamu, nikakimaliza kwa huzuni, na chanzo cha huzuni hiyo kimo katika sura ya tatu.

Humo daktari anasoma kipimajoto, kisha anatamka kwamba marehemu alifariki saa 3:10 usiku. Kisa chote kinajengwa juu ya dakika hizo: mshukiwa aliyeonekana mkutanoni saa 3:00 anaachiliwa, na mwingine anakamatwa. Joto la maiti halina usahihi huo. Mwili hupoa kwa kasi inayotegemea unene wake, nguo, upepo, sakafu, hata homa aliyokuwa nayo mtu kabla ya kufa. Chati ya Claus Henssge, ambayo wengi wetu huitumia kukadiria saa ya kifo, huzingatia joto la ndani ya mwili, joto la mazingira na uzito, na hata hali ikiwa nzuri kabisa huacha nafasi ya takriban saa 2.8 kila upande kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa hiyo saa 3:10 ya daktari wetu ni muda wowote kati ya saa 12:20 jioni na karibu saa 6:00 usiku, na washukiwa wote wawili wamo ndani yake. Hapo ndipo riwaya nzuri ilipokuwa, na mwandishi ameipita.

Kukakamaa kwa viungo kumetajwa kwa sentensi moja tu, nami sina ugomvi nayo.

Kilichoniuma zaidi ni mgongo wa marehemu. Damu ikiacha kuzunguka hushuka kwa uzito wake hadi sehemu za chini za mwili na kuipa ngozi rangi ya zambarau, isipokuwa pale palipobanwa na sakafu, ambapo hubaki peupe. Katika saa za mwanzo rangi hiyo hufifia ukiibonyeza kwa kidole. Baadaye huganda, isififie tena, mara nyingi baada ya saa 8 hadi 12. Mwandishi anasema maiti ilikutwa kifudifudi, halafu anaeleza mgongo wenye zambarau iliyokolea na mabega meupe. Nilirudi nyuma kurasa mbili kuhakikisha. Mtu huyo alilala chali kwa saa nyingi baada ya kufa, kisha akageuzwa. Daktari niliyempenda katika vitabu vya mwanzo angepiga magoti hapo, angebonyeza ngozi kwa kidole gumba, na angekataa kumpa mpelelezi saa yoyote hadi ajue ni nani aliyemgeuza. Nilisoma hadi ukurasa wa mwisho nikiingojea rangi ile, na haikutajwa tena.