"Whom" si "who" la heshima

Dhana inayotutesa kuliko zote ni kwamba "whom" ni "who" la heshima, la kuandikia barua rasmi. Ndipo mtu mwenye Kiingereza kizuri anaandika "the teacher whom taught me" akidhani ameipandisha hadhi sentensi, kumbe ameiharibu. Kinachoamua ni kazi ya neno ndani ya kishazi rejeshi, yaani kile kipande cha sentensi kinachomweleza mtu anayetajwa. Likiwa kiima, yaani mtenda, ni "who". Likiwa yambwa, yaani mtendwa, au likitawaliwa na kihusishi kama "to" au "with", ni "whom".

Wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kuteleza. Tunasema "mwalimu aliyenifundisha" na "mwalimu niliyemfundisha", na ile -ye- haibadiliki. Nani kamfundisha nani tunaambiwa na viambishi vya nafsi. Basi tuvitumie. Kishazi kikija na "aliyeni-", andika "who taught me". Kikija na "niliyem-", andika "whom I taught". Jihadhari tu na "aliyemfundisha", ambalo hata kwetu lina maana mbili. Hapo jaribu kuweka "he" au "him" mahali pa "who" au "whom": panapokubali "him" ndipo pa "whom", na yote mawili yanaishia na m.

Wengine wameshika kwamba kihusishi kikitangulia, lazima umbo lenye m lifuate. Si kila mara. Katika "give it to whoever asks first", "to" inatawala kishazi kizima, na ndani yake "whoever" ndiye anayeomba.

Mtego mkubwa zaidi ni "the man whom I think stole it". Maneno "I think" yamepachikwa tu. Yaondoe, inabaki "who stole it". Kosa hili wala si la wageni peke yao. Biblia ya King James ya 1611, Mathayo 16:15, ina "whom say ye that I am", mahali ambapo sarufi ya leo inataka "who".

Na wanaosema "whom" limekufa? Katika mazungumzo wana haki kiasi: watu husema "the man who I called", au huliacha kabisa, "the man I called", na sentensi ni sahihi. Lakini kihusishi kikiwa mbele yake moja kwa moja, neno liko hai: "the people with whom I work", "three of whom". Hata wanaozaliwa na Kiingereza hawasemi "three of who".