Fomu foo ukubwani: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Mtu mzima akisema anataka kurudi kusoma, barazani hapakosi wa kumshauri. Mengine anayoambiwa ni uongo mtupu, mengine yana ukweli uliotiwa chumvi. Nawaandikia zaidi wanaomsaidia: mtoto anayemsomesha mama yake, mwalimu wa tuisheni ya baada ya isha, mume anayebaki na watoto. Hao ndio mara nyingi wanaobeba dhana potofu, tena kwa nia njema kabisa.

"Umri umempita, hawatamkubali."

Hakuna umri wa mwisho. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linauliza sifa, haliulizi mvi. Asiyewahi kufika kidato cha nne huanzia Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT; akifaulu, hujisajili kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyekwisha kufanya fomu foo na matokeo hayakumridhisha haanzi tena QT. Anarudia moja kwa moja, na anaweza kurudia yale masomo anayoyahitaji tu. Cheti chake cha zamani hakifutwi, kinabaki na alama zake. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaoelekezwa mlango usio wao, mwaka ukapotea bure. Mitihani yote miwili hufanyika Novemba.

"Kisomo ni cha wasiojua kusoma."

Zamani ndivyo kilivyojulikana. Leo Kituo cha Elimu Mbadala cha Rahaleo, mjini Unguja, hupokea walioacha skuli, wakasoma na kujifunza amali pamoja.

"Zanzibar tuna mtihani wetu, cheti chake hakivuki bahari."

Baraza la Mitihani la Zanzibar lipo, lakini linasimamia madarasa ya chini hadi kidato cha pili. Kidato cha nne na cha sita ni NECTA, na baraza hilo limo katika orodha ya mambo ya Muungano. Aliyefanyia Konde na aliyefanyia Kigoma wana cheti kimoja.

"Watahiniwa wa kujitegemea wana karatasi yao."

Wengine husema ni nyepesi, wengine husema ni ngumu makusudi. Itazame karatasi yenyewe: juu imeandikwa kwamba ni ya watahiniwa wa skuli na wa kujitegemea. Saa ile ile, maswali yale yale. Tofauti iko kwingine. Mwanafunzi wa skuli huingia na alama za maendeleo zinazochangia asilimia 30, na wa kujitegemea hana akiba hiyo. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka kumi bila kuandika ukurasa mzima asisomeshwe kwa maneno matupu. Aandike, saa iko mezani, mpaka mkono uzoee.

"Hesabu aziache, hizo si za mtu mzima."

Hapa ndipo ninapogombana na walimu. Karatasi ya hesabu ni ya saa tatu, maswali 14: kumi ya alama 6 na manne ya alama 10. D, ambayo ndiyo alama ya chini ya kufaulu, inaanzia 30, C inaanzia 45. Maswali matano ya mwanzo yakikamilika, D imepatikana. Wasaidizi wengi hufungua kitabu cha fomu wani ukurasa wa kwanza, wakamzamisha mtu kwenye aljebra wiki ya kwanza, ya pili haji.

Kwa nini tusianze na anachokijua? Katika mada za hesabu imo ya uwekaji wa mahesabu ya biashara. Mama anayeuza vitambaa Darajani anajua bidhaa alizoanza nazo mwezi, alizonunua, alizouza na zilizobaki, na faida anaitoa kichwani. Anachokosa ni majina ya Kiingereza na mistari ya jedwali. Imo pia mada ya dunia kama tufe, ambayo vijana wa skuli huikimbia. Mpe nahodha. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, digrii moja ni maili 60. Chake Chake iko karibu digrii 5 na dakika 15 kusini mwa ikweta, mji wa Zanzibar karibu digrii 6 na dakika 10. Atoe: dakika 55, yaani maili 55 za kushuka kusini, mbali na ule mwendo wa kuelekea magharibi. Atakusahihisha yeye.

"Ajifunze Kiingereza kwanza, mtihani baadaye."

Kweli, ukiacha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu, karatasi nyingi ni za Kiingereza, na lugha inawaangusha watu. Ila kungoja mpaka mtu aseme Kiingereza fasaha ni kumzeesha. Kwanza azijue zile amri za maswali: taja, eleza, tofautisha. Tovuti ya NECTA ina mitihani ya miaka iliyopita na ripoti za uchambuzi wa majibu, bure, na ripoti hizo zinaonesha majibu mazuri na mabovu ya watahiniwa halisi. Someni pamoja yale mabovu. Yanafundisha kuliko mazuri.

"Dini na Kiarabu zitambeba."

Zitamsaidia, lakini kubeba zote haziwezi. Vyuo vingi vya cheti vinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kiarabu ni lugha, kinahesabiwa; Elimu ya Dini haimo katika hesabu hiyo. Anayetaka kufanya kidato cha sita atafute angalau C tatu. Ndiyo maana swali la kwanza, kabla ya kununua hata daftari, ni hili: cheti unakitakia nini? Masomo huchaguliwa kwa jibu hilo.

"Asiyekuja kila siku hana nia."

Nenda Paje au Jambiani wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Maji yanakupwa asubuhi, kina mama wako shambani kwa mwani, wakirudi kuna kubeba, kuanika na kufunga mbegu. Jioni hiyo utamfundisha nini? Maji mafu, siku ambazo maji hayapwi sana, ndiyo yao. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, basi kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kupanga ratiba: mada nzito maji mafu, mazoezi mafupi bamvua. Pemba shida ni karafuu, ambazo msimu wake hupamba moto nusu ya pili ya mwaka na kuukaribia mtihani. Mada mpya zimalizwe kabla watu hawajapanda mikarafuu. Baada ya hapo ni kujibu mitihani ya zamani tu.

"Mwalimu wa tuisheni ndiye atakayenisajili."

Elimu haina mwisho, wanasema, lakini usajili unao. Hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hulipa faini. Mtu huenda mwenyewe kituo cha mtihani, akapewa namba ya kumbukumbu, akajisajili mtandaoni na kulipa kwa namba ya malipo. Fedha taslimu asimkabidhi mtu wa kati. Na akimaliza, fomu ichapwe, muisome wawili: jina kama lilivyo kwenye vyeti vyake, na masomo aliyoyachagua, moja baada ya jingine.