Elki wa Msitu Uliojaa Watu

Kila Oktoba, maegesho ya msitu wa White River kule Colorado hujaa magari kabla hakujapambazuka, na ushauri ni uleule: tembea mbali kuliko wenzako. Mimi naongoza wawindaji huko, na ushauri huo siuamini sana. Elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, hahesabu kilomita. Anachokwepa ni bughudha.

Huko Starkey, Oregon, watafiti walizungushia uzio msitu wa takriban kilomita za mraba 100, wakawavisha elki kola za kufuatilia nyendo zao, kisha wakawapitisha watu makusudi. Pikipiki za magurudumu manne ndizo zilizowafukuza zaidi, zikifuatiwa na baiskeli, halafu waendao kwa miguu. Wapanda farasi waliwasumbua kidogo.

Kwa hiyo ramani naanza kuisoma kwa watu. Natia alama njia, kambi na kila uwanda wa nyasi unaoonekana kutoka barabarani, kisha natazama kilichobaki. Mara nyingi ni kipande kidogo tu: mteremko mkali unaotazama kaskazini, misonobari imebanana, magogo yamelaliana. Pengine hata si mbali na lami, ila kila mtu amepapita akikimbilia juu. Ukikuta humo malalo, majani yamelazwa kwa upana wa mwili mzima na mavi yangali mabichi yanang'aa, yupo.

Sasa usiingie kwa pupa. Alfajiri hewa baridi hushuka bondeni. Jua likipasha mteremko, hugeuka ikapanda. Katikati ya hayo upepo hauna mwenyewe, na harufu yako itamfikia kabla yako. Mimi hungoja, hata hadi saa nne asubuhi, nikipuliza unga kidogo hewani. Unga ukipanda bila kuyumba, nateremka kutokea juu, hatua moja, kituo kirefu.

Filimbi ya kuigiza mlio wa dume iache mfukoni. Filimbi hizo zimemchosha elki tangu Septemba. Fulana ya rangi ya chungwa, ambayo sheria inaidai msimu wa bunduki (hiyo au ya waridi), isikutie wasiwasi: elki haioni iking'aa kama tunavyoiona sisi. Mwendo ndio unaokufichua.

Wapo elki wanaovuka uzio na kujificha kwenye mashamba ya watu. Hao bila ruhusa ya mwenye shamba huwagusi.

Halafu kuna nyama. Dume hupita kilo 300, na hata akishachunwa na kutolewa mifupa ni safari kadhaa za mzigo mgongoni. Akiangukia kilomita kumi ndani siku ya joto, nyama iliyobaki huanza kuchacha kabla hujarudia mzigo wa pili.