Damu chini ya mkia: dhana potofu kuhusu uzazi wa ng'ombe

Mhimilishaji yeyote, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume kwa mrija, anaijua simu hii: "Wahi, ng'ombe ametoa damu, yuko kwenye joto." Anafika na kumkuta mtamba ametulia, anacheua, na chini ya mkia kuna ute wenye michirizi myekundu, mwingine umeshakauka kwenye manyoya. Kazi imeharibika kabla hajafungua mtungi wa naitrojeni unaohifadhi mbegu.

Damu hiyo si dalili ya joto, yaani kipindi cha jike kutaka dume; ni alama kwamba joto limepita. Mnyama akiwa kwenye joto, homoni ya estrojeni hupanda na utando wa ndani wa kizazi hujaa damu. Homoni ikishuka, vijishipa vidogo hupasuka, na damu huonekana nje siku 1 hadi 3 baadaye. Kufikia hapo yai limeshatoka kwenye ovari, nalo halimalizi hata siku moja likiwa zima.

Kuna pia wanaosema damu ikitoka baada ya kuhimilisha, mimba imekataa. Wengine huapa kwamba ndiyo imeshika. Damu haisemi lolote kati ya hayo. Faida yake ni kwenye kalenda tu: mzunguko wa ng'ombe ni siku 21 kwa wastani, kati ya 18 na 24, kwa hiyo aliyeandika tarehe ya damu aanze kumchunga mnyama wake tena kuanzia siku ya 15 hivi baada ya damu, maana damu yenyewe hutokea joto likiwa limeshapita.

"Ukimwona anapandwa, himilisha papo hapo"

Wanaosema hivi nao huwahi mno. Miaka ya 1940, mtafiti George Trimberger huko Nebraska, Marekani, alihimilisha ng'ombe katika saa mbalimbali za joto na kulinganisha waliopata mimba. Waliofanya vizuri walihimilishwa kuanzia katikati ya joto kuelekea mwisho wake, kwa sababu yai hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha. Ndiyo asili ya kanuni ambayo wahimilishaji wanaitumia hadi leo: aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi.

Tatizo ni kuiona hiyo asubuhi yenyewe. Joto huchukua saa 12 hadi 18, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi laweza kuwa fupi zaidi. Tena anayeparamia wenzake si lazima awe ndiye mwenye joto. Mtazame wa chini: akisimama kimya na kukubali kubebeshwa, huyo ndiye.

Mbegu nazo zina saa zao. Mtafiti Min Chueh Chang, aliyeanzia Cambridge, Uingereza, kwenye mbegu za kondoo dume, aligundua kwa sungura kwamba mbegu haziwezi kulirutubisha yai pale tu zinapoingia. Lazima kwanza zikae saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike. Mtafiti mwingine, Colin Austin, aliona jambo hilohilo Australia, na wote wawili walilitangaza mwaka 1951. Kuchelewa, basi, kuna hasara mbili: yai linachakaa huku mbegu bado hazijawa tayari.

"Dume ni mzima, hivyo kosa ni la jike"

Dume huchukua takriban siku 60 kutengeneza mbegu moja, na korodani zake hutaka ubaridi kuliko mwili. Homa kali ya leo inaweza kuharibu mbegu zitakazotumika wiki kadhaa zijazo, wakati dume amenenepa na hakuna anayekumbuka kwamba aliugua. Huwa nashangaa jinsi majike wanavyouzwa kwa kosa hili.

Jinsia ya ndama pia huamuliwa na mbegu, si upande aliolalia jike wala saa ya kupandwa. Mbegu ya kuzaa jike hubeba karibu asilimia 4 zaidi ya vinasaba, na mashine huweza kuzitenganisha kwa tofauti hiyo ndogo.

"Ndama jike aliyezaliwa pacha ni tasa"

Hii ina nusu ya ukweli. Pacha wawili wa kike hawana shida yoyote. Mwenye mashaka ni jike aliyezaliwa na dume. Mtafiti Frank Lillie wa Chicago, Marekani, alieleza sababu mwaka 1916: mishipa ya damu ya kondo zao huungana tumboni, hivyo homoni za dume humfikia dada yake na kuvuruga viungo vyake vya uzazi vikiwa bado vinaumbwa. Zaidi ya 9 kati ya 10 huwa tasa. Kwa mbuzi na kondoo ni nadra, basi usimchinje mbuzi wako pacha kwa kosa la ng'ombe.

"Akionyesha joto, hana mimba"

Si lazima. Baadhi ya ng'ombe wenye mimba husimama wakapandwa kabisa. Hapo mrija wa kuhimilishia ndio hatari: ukipenya mlango wa kizazi uliozibwa na ute mzito wa mimba, ndama anaweza kutoka. Kama ng'ombe alihimilishwa miezi michache iliyopita, mhimilishaji mzuri hupapasa kizazi kwanza, mrija ukiwa bado mfukoni.