Kansa ya mkia wa titi ni nini, na kwanini msimbo wake ni C50.6 sio C77.3

Wengi tukisema titi tunafikiria lile duara la mbele tu, kumbe nyama ya titi inapanda kuelekea bega alafu inaingia mpaka kwapani. Hicho kipande cha kwapani ndo mkia wa titi, vitabu vya anatomia vinauita mkia wa Spence, kwa jina la James Spence, daktari wa upasuaji wa Uskoti karne ya 19. Kwahiyo mtu akishika uvimbe kwapani inaweza kuwa mtoki kweli, maana kidonda cha mkono, TB au VVU vinavimbisha mitoki ya hapo na mara nyingi sio kansa kabisa, lakini inaweza pia kuwa ni titi lenyewe limeota kitu, ila limeotea mkiani. Kwa kushika tu huwezi kutofautisha, ndo maana wanapiga altrasaundi na kuchukua kinyama cha kupima.

Sasa tuje kwenye msimbo. Kwenye ICD-10, kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha kuyapa magonjwa namba, kansa ya titi ni C50 na namba baada ya nukta inasema sehemu gani ya titi. C50.4 ni robo ya juu upande wa nje, na hapo ndo kansa za titi zinapatikana zaidi kuliko robo nyingine, C50.6 ni mkia, na C50.9 ni pale ambapo hakuna aliyeandika sehemu.

Shida inaanza daktari akiandika "kansa ya kwapa" akaishia hapo, maana kwapani kuna vitu vingi: kuna mkia wa titi, kuna tezi za limfu yaani hiyo mitoki, kuna ngozi. Swali la kujiuliza ni moja, imeanzia wapi? Ikiwa imeanzia kwenye nyama ya titi ni C50.6 hata kama mkono wako unaigusa kwapani kabisa. Ikiwa imeanzia sehemu nyingine ya titi alafu ikatembea mpaka kwenye mitoki, mitoki inapewa C77.3, ambayo maana yake ni kansa iliyosambaa kwenye tezi za kwapa na mkono, na hiyo haikai peke yake, unaandika na C50 ya pale ilipoanzia. Kansa ya ngozi ya kwapa isiyo melanoma (melanoma ni kansa ya chembe zinazoipa ngozi rangi) ni C44.5. Na kwapa tu bila maelezo yoyote inaangukia C76.1, sasa hapo mgonjwa wa titi amepotea kabisa kwenye hesabu ya titi, na mimi hilo linaniuma kwasababu dawa na mashine vinapangwa kwa kuangalia hizo hesabu.

Na sio hesabu tu. Uvimbe wa mkiani unapimwa ukubwa kama uvimbe wa titi, ila mtoki wenye kansa unamaanisha ugonjwa umeshatoka kwenye titi, hatua inabadilika na matibabu yanaweza kubadilika. Kuchanganya hivi viwili ni kumwandikia mama wa watu ugonjwa ambao sio wake.

Kuna kitu kingine ambacho sisi Waswahili tunatakiwa tuwe nacho makini sana. Madaktari wanaelekeza sehemu ya titi kwa uso wa saa, ukimtazama mgonjwa kwa mbele. Juu-nje ya titi la kushoto, kuelekea kwapani, ni kwenye namba 2 hivi, la kulia ni namba 10. Hiyo ni namba iliyochapwa kwenye saa! Sisi mshale ukiwa kwenye 2 tunasema saa nane, sasa ukitafsiri ripoti ukaandika "saa nane" na mwenzako akaichukua kama namba 8, kwenye titi la kushoto ameshahama mpaka chini upande wa ndani, C50.3, upande wa pili kabisa. Andika "namba 2 ya uso wa saa", au bora zaidi andika kwa maneno, juu, nje, mkiani.

Ukikutana na msimbo mrefu kama C50.612 usishtuke, huo ni wa Marekani, wao wameongeza namba mbili, 1 ya kwanza ni mwanamke na 2 ya mwisho ni kushoto. Mwanaume mwenye kansa ya mkia wa kulia anakuwa C50.621, maana wanaume nao wanaipata ingawa ni wachache.

Kwahiyo daktari ukijaza fomu ya kinyama, andika titi au mtoki, kulia au kushoto, na kama bado hujui imeanzia wapi andika hivyo hivyo kwamba hujui, mtu wa rekodi atasubiri majibu ya maabara badala ya kubahatisha.