Kijiji kupanga afya na ustawi wake: maswali na majibu

Maswali haya huulizwa na wenyeviti wa vitongoji, akina mama wa vikoba na wajumbe wa kamati za zahanati Tanzania Bara, hasa msimu wa kuandaa bajeti unapokaribia.

Sisi ni wakulima. Kupanga afya si kazi ya mganga mkuu wa wilaya?

Yeye na timu yake huandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri nzima. Lakini akiwa wilayani hawezi kujua kwamba kisima cha kitongoji chenu kimechimbwa chini ya mteremko wa vyoo vitatu. Hilo mnalijua ninyi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Na kisheria, tangu sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu sera za kijiji. Hamwombi hisani mnapopanga.

Tukikutana kila mtu anasema "tujengewe zahanati". Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye madaftari. Kama kuna zahanati inayowahudumia, hata ikiwa ya kijiji jirani, ina vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa kutunza taarifa za huduma za afya, na kitabu cha wagonjwa wa nje huonyesha wanaougua nini na wanatoka wapi. Mwombeni mganga mfawidhi awape hesabu za mwaka mzima, mwezi kwa mwezi. Ombeni hesabu tu, si majina. Ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Kisha chora ramani ya kijiji chini ya mti, kwa majivu na vijiti: nyumba, visima, vyoo, mabwawa, vilabu vya pombe, njia ya kwenda zahanati wakati wa mvua. Wekeni zile hesabu juu ya ramani. Tuseme watoto wanaoharisha wanaongezeka kila masika, na wengi wanatoka bondeni. Hapo nendeni bondeni kwa miguu, mtazame maji yanapochotwa. Choo kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kikae upande wa chini wa mteremko. Zahanati mpya itawatibu watoto hao leo, na wiki ijayo watarudi kunywa maji yale yale. Jengo lisilo na muuguzi wala dawa ni stoo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nguvu nyingi za wananchi zimeishia kwenye maboma, majengo yasiyokamilika.

Ila madaftari hayasemi yote. Mwenye presha asiyejijua hayumo, wala mama aliyejifungulia nyumbani. Hao wanajulikana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wakunga wa jadi, walimu, shehe na mchungaji. Wanawake wakae kikao chao kwanza, na vijana vivyo hivyo, kabla ya mkutano mkuu. Ukiwachanganya wote siku ya kwanza utasikia sauti za wazee wa kiume tu.

Tuchague mambo mangapi?

Matatu, yasizidi. Na kila moja liandikwe kwa namna ya kuhesabika. "Kuboresha usafi" si mpango. Mpango unasomeka hivi, kwa mfano: kaya 40 kati ya 62 za bondeni hazina choo chenye sakafu inayosafishika wala kibuyu chirizi (chombo cha maji ya kunawa kinachoning'inizwa), ifikapo Juni zisizidi 10, msimamizi ni mwenyekiti wa kitongoji.

Pesa zitatoka wapi?

Gaweni orodha yenu kwanza. Kuna yanayohitaji mikono tu: kibuyu chirizi, kuchemsha maji ya kunywa, kufyeka, kufukia madimbwi. Hayo yasingoje bajeti ya mtu.

Kuna ya zahanati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wawakilishi wa wananchi. Wengi hawawajui wawakilishi wao. Waulizeni mkutanoni, kwa heshima: mwaka huu kituo kimepokea kiasi gani na kimenunua nini?

Na kuna makubwa. Kisima kirefu au bomba la maji vijijini ni suala la RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa hiyo kulipeleka kwa mganga mkuu peke yake ni kulizungusha bure. Mengine hupitia kamati ya maendeleo ya kata kwenda halmashauri. Hapa vijiji vingi hukwama kwa tarehe. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Bunge la bajeti huanza Aprili, na halmashauri huwa imeshafunga hesabu zake kabla ya hapo. Ombi la Machi limechelewa. Muhtasari wa mkutano wenu, wenye mahudhurio na sahihi, uwe kwa mtendaji wa kata kabla Desemba haijaisha.

Tuwatoze faini wasio na vyoo?

Mnaweza kutunga sheria ndogo, ila haitumiki hadi mkutano mkuu uikubali na halmashauri ya wilaya iidhinishe. Mjane mzee asiye na nguvu za kuchimba asitozwe, achimbiwe.

Mbona mnataja ustawi? Si ni magonjwa tu?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema afya ni mtu kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, si kukosa ugonjwa tu. Kijijini maana yake ni kijana anayeanza gongo asubuhi, mama anayepigwa, bibi anayelea wajukuu peke yake. Mambo haya hayana bomba wala jengo, kwa hiyo husahaulika. Afisa ustawi wa jamii aalikwe tangu kikao cha kwanza.

Tutajuaje kama mpango unafanya kazi?

Mkutano mkuu hukutana kila miezi mitatu. Hesabu zile zile zisomwe hapo na zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Msishtuke idadi ya wagonjwa wa kuhara ikipanda robo ya kwanza. Mara nyingi ni akina mama waliokuwa wakikaa na mtoto nyumbani ambao sasa wanamleta mapema kupata ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki. Tazameni pia wanaoletwa wameshaishiwa maji mwilini: hao ndio wanaotakiwa kupungua.