Jiwe kuwaka kijani si dalili ya zumaridi
Ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Mombasa, kwamba jiwe likiwaka kijani chini ya taa ya kukagulia noti basi ni zumaridi, si kweli. Zumaridi kwa kawaida haiwaki hivyo. Inayowaka kijani kikali ni adamaiti, arseneti adimu ya zinki (madini yenye sumu ya aseniki), kwa sababu ya chembe za urani zilizomo. Zumaridi ni silikati, yaani madini ya silikoni na oksijeni, ukoo mwingine kabisa. Rangi tu ndiyo inayochanganya watu.

Chukua jiwe safi la gramu 10, lining'inize kwa uzi majini ukilipima uzito: wa zumaridi hupungua takriban gramu 3.7, wa adamaiti 2.3 tu. Usilikwaruze kwa msumari. Vumbi la adamaiti lina aseniki. Na ujumbe huo, tafadhali, ukomee kwako.